Mji wa Alhamisi na Mablanketi Yake

Nilimwona Mwingereza yule kwa mara ya kwanza akigeuza upindo wa blanketi langu bila kuniomba ruhusa. Ilikuwa asubuhi, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika kantini ya hoteli tuliyokuwa tukifikia upande wa Liuhua, karibu na stesheni kuu ya reli ya Guangzhou. Blanketi lilikuwa sampuli tu, nimelilaza kwenye kiti cha pembeni huku nikinywa uji wa mchele. Yeye alikuwa mzee mrefu, koti limemlegea mabegani, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Aliushika ule upindo kwa vidole viwili, akausogeza karibu na macho, akaugeuza nyuma kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza cha upole nimelinunua wapi.

Nikamwambia Xintang.

Nilimdanganya, na kila aliyekuwa mezani alijua, maana Xintang ni mji wa viwanda vya jeans na jeans tena. Hata uzi wa blanketi huupati kule. Lakini hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye bakuli lake.

Siku hizo tulikuwa wachache pale. Tulikuwapo Watanzania wa Dar es Salaam na Unguja, na Wakongomani waliokuwa wakikaa meza ya pili wakichanganya Kiswahili na Kifaransa chao. Kila mmoja alimlinda mtu anayemuuzia mali kama anavyolinda pasipoti yake. Na zaidi ya hapo tulikuwa tumeumwa na nyoka tayari. Msimu uliopita, mwenzetu mmoja alifanya urafiki na mgeni nadhifu aliyemnunulia chai na kumuulizauliza habari za raba. Haikupita wiki, mzigo wake wote wa raba ukazuiliwa ghalani kwa ajili ya alama za kampuni zilizoigwa ubavuni mwa viatu. Tulikubaliana wote kwamba yule mgeni alitumwa. Tangu hapo, Mzungu yeyote aliyelala katika hoteli yetu ya bei nafuu wakati zile kubwa ziko palepale barabarani, tulimhesabu kuwa yuko kazini.

Aliyeshika msimamo huo kuliko wote alikuwa Bi Mkubwa. Hivyo ndivyo nilivyomwita, naye alikuwa akiniita mwanangu, ingawa katika biashara hakuwahi kunihurumia kama mtoto. Alikuwa mwanamke wa Unguja, mtu mzima, mwenye duka la vitambaa vya harusi Darajani, na sisi wanawake wawili tulikuwa tukichangia chumba kila safari. Mimi nilikuwa na duka Kariakoo. Niliuza mashuka, mapazia na mablanketi, na hayo mablanketi yalikwenda zaidi Njombe, Mbeya na Arusha, kwenye baridi.

Mwingereza alikwenda Xintang kweli. Alirudi jioni, viatu vimejaa vumbi la buluu la jeans, akaketi meza ileile.

"Kule wanasema ni jeans tu," akaniambia.

Sauti yake haikuwa na lawama. Nikamjibu kwamba huenda nimechanganya majina, majina ya Kichina yanafanana. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kupambana na vijiti vyake vya kulia. Nilipomsimulia Bi Mkubwa chumbani, alikuwa akikunja vitambaa vyake, akasimama kidogo. Alisema mtu ukimpoteza njia siku nzima, kisha akarudi bila kukasirika, ujue kazi yake ni kusubiri, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Baada ya hapo ikaja mvua. Ilinyesha mfululizo hata mitaa ya chini ya stesheni ikajaa maji na mabasi ya kwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, yakawa hayapiti. Tukabaki kantini tukinywa chai isiyo na sukari. Mwingereza naye alikuwapo. Bi Mkubwa, ambaye hakuwa na raha ya kukaa bure, akanigusa kiwiko na kuniambia nimuulize ametoka mji gani, na huko anafanya nini. Alijua Kiingereza kidogo, lakini alipenda maneno yapite kwangu kwanza, ili apate nafasi ya kumtazama mtu usoni wakati mimi natafsiri.

Mzee akasema ametoka mji mdogo wa soko. Hakuishia hapo. Ilikuwa kama tumemfungulia bomba.

Alisema mji wake una soko kila Alhamisi, na umekuwa nalo tangu enzi za wafalme waliopigana kwa mishale. Mfalme mmoja ndiye aliyewapa watu wa pale ruhusa ya kuuza na kununua siku hiyo, na ruhusa hiyo ilikuwa na meno, kwa sababu mji mwingine wa jirani haukuruhusiwa kufungua soko karibu mno ukawanyang'anya wateja. Barabara kuu ya mji ni pana kupita kiasi, mgeni hushangaa upana wa nini katika mji mdogo vile. Ni kwa sababu pale katikati walikuwa wakifungiwa kondoo wa mnada, mamia kwa mamia, na magari ya leo yanapita juu ya mazizi ya zamani. Kuna kibanda cha mawe kisicho na kuta, paa na nguzo tu, ambapo wanawake wa mashamba walikuwa wakiuza siagi na mayai. Kuna kanisa kubwa kuliko mahitaji ya mji. Lilijengwa na matajiri wa sufu ambao, kwa maneno yake, walikuwa na wasiwasi na mahali watakapokwenda baada ya kufa.

Bi Mkubwa akataka kujua, kama soko ni Alhamisi tu, hizo siku nyingine watu wanakula nini. Mzee akacheka na kusema maduka yapo, lakini mtu wa pale akikuambia "mjini" siku ya Jumanne, anamaanisha barabara, na akikuambia "mjini" siku ya Alhamisi, anamaanisha watu.

Kisha akatueleza habari ya mahakama, nayo ndiyo iliyomfanya Bi Mkubwa aweke kikombe chini. Zamani, alisema, soko lilikuwa na mahakama yake ndogo kwa ajili ya wachuuzi wa safari. Iliitwa mahakama ya miguu yenye vumbi. Ukigombana na mwenzako juu ya kitambaa au kipimo, kesi husikilizwa palepale na kuamuliwa kabla wafanyabiashara hawajaondoka, kwa sababu mtu wa njiani hawezi kusubiri, na waamuzi ni wafanyabiashara wenzenu.

"Muongo huyu," Bi Mkubwa akaniambia kwa Kiswahili, akitabasamu ili mzee asielewe. "Katunga hapahapa. Kaona sisi watu wa safari, akatutungia cha kutupendeza."

Mimi nilitaka kuamini, lakini tabasamu la Bi Mkubwa lilinizuia. Mzee akachukua karatasi ya kufutia mikono, akatuchorea mto, daraja, ile barabara pana, kanisa, kile kibanda cha siagi, na kando ya mto jengo refu lenye madirisha mengi. Nikamuuliza lile jengo ni nini. Akasema ni kiwanda cha mablanketi. Maji ya ule mto, alisema, ni laini na yalifaa kuoshea sufu, na kwa miaka mingi sana mji wake ulijulikana kwa mablanketi, mengine yakipakiwa melini mpaka Afrika ya Mashariki. Bi Mkubwa akakumbuka mablanketi ya hospitali ya utotoni mwake, yaliyowasha kama upupu. Nilimtafsiria mzee. Akainamisha kichwa na kusema hayo ya hospitali yalikuwa ya daraja la tatu.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa kimefungwa," akasema, akaikunja ile karatasi.

Siku chache baadaye Bi Mkubwa alimwomba atuchoree tena, akisingizia kwamba ile ya kwanza ililowa. Mzee akachora. Kanisa likakaa palepale, daraja palepale, hata ule mti aliokuwa ameuweka kwenye kona ya mwisho. Mimi nikasema basi, mji upo. Bi Mkubwa akatikisa kichwa. Alisema msema kweli husahau kitu kimoja au viwili, na huyu hakusahau chochote.

Mvua ilipokatika nilikwenda Zhongda. Soko lile ni vichochoro ndani ya vichochoro, majora ya vitambaa yamesimama kama watu kwenye foleni, na mikokoteni inakupitia kwa nyuma bila kupiga kelele. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka moja la mapazia lenye kioo kirefu cha ukutani, nikajiona mimi, na nyuma yangu, mbali kidogo, nikaliona lile koti lililolegea. Nikaingia kichochoro kingine. Niliposimama kuuliza bei ya kitu ambacho sikukihitaji, nikaliona tena. Hasira ilizidi woga. Nikageuka nikamfuata mpaka pale alipokuwa.

"Mzee, unanifuata kwa nini?"

Hakukana. Aliomba tukae, na mahali pa kukaa palikuwa juu ya majora tu, kwa hiyo tukakaa hapo. Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha blanketi kilichokatwa kwa mkasi, ukubwa wa kitambaa cha kufutia meza. Niliutambua upindo ule mara moja. Mshono wake ulikuwa ni uleule wa blanketi langu, na mistari ya rangi ya krimu na nyekundu ilipangwa vilevile. Tofauti ni kwamba kipande chake kilikuwa na lebo ya kufumwa, yenye mchoro wa kondoo na daraja, jina la mji wake, na maneno kwamba blanketi hili limefumwa hapo.

Alisema mablanketi hayo yanauzwa kwenye meza moja ya soko la Alhamisi, katikati ya mji ambao kiwanda chake kimefungwa. Mtu anayeyauza hasemi anakoyapata. Yeye mzee ameona si haki jina la mji litumike hivyo, na anataka kujua nani anayaghushi. Alikuwa amesikia tu kwamba yanatoka Guangzhou. Aliponiona na sampuli yangu isiyo na lebo, akajua kwamba mimi nafahamu mlango.

Nikamwambia nitafikiri kwanza. Mwenye duka aliyekuwa akiniuzia mablanketi, tuliyemwita laobanniang, yaani bosi mwanamke, ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa biashara yangu. Nikimpelekea mpelelezi, sitanunua tena hata foronya kwake. Lakini pia nilijiuliza maswali mengine. Kama mji ndio umekasirika, kwa nini haukumtuma mwanasheria? Kwa nini mzee wa umri ule aje peke yake, kwa gharama yake, alale hoteli yetu yenye ukungu ukutani?

Nikamwambia Bi Mkubwa kila kitu. Nilidhani atanikataza. Akafikiri, kisha akasema twende, lakini kwa masharti yake. Kamera ya mzee ibaki hotelini. Yeye mwenyewe atafuatana nasi. Mzee atajulishwa kama mnunuzi wa Ulaya, na asiulize swali lolote, maswali yote yapite kwangu. Alisema anataka kumwona huyo mtu atakapofika anakokwenda. Mtu akiwa anatafuta huweza kuigiza, ila akishapata ndipo utamjua.

Laobanniang alikuwa mwanamke mnene mwenye nywele fupi, aliyeweza kuzungumza nami siku nzima kwa kikokotoo, maneno machache ya Kiingereza na mikono. Nilipomwonyesha kile kipande chenye lebo, jibu la kwanza lilikuwa lile tulilolizoea wote: mei you, hakuna. Alilisema kabla hajatazama vizuri. Kisha akamtazama mzee, akautazama ule upindo, akaniuliza huyu anataka marobota mangapi. Nikamwambia bado anataka kuona ubora, na anataka kuona mashine, maana Wazungu ndivyo walivyo. Hilo lilimwingia akilini. Aliondoka akapiga simu, akarudi na funguo za gari dogo la mizigo. Karakana yenye mashine hizo ilikuwa ya shemeji yake.

Tulikwenda mbali, tukayaacha majengo marefu, tukapita mabwawa ya samaki na mashamba ya mboga, tukaingia kwenye uwanja wa matofali. Kelele zilitupokea kabla ya watu. Ndani, hewa ilikuwa nyeupe kwa manyoya ya sufu, na wasichana wamejifunga vitambaa vinywani. Mashine zilikuwa kubwa, za chuma cha zamani, zimepakwa rangi ya kijani inayobanduka. Ubavuni mwa kila moja palikuwa na herufi zilizosubiwa katika chuma chenyewe. Nikasogea nikasoma. Lilikuwa jina la mji wa mzee.

Niligeuka kumwita aje aone, nikakuta hana haja ya kuitwa. Alikuwa amesimama karibu na mashine ya safu ya pili. Ilikuwa ikifuma kwa kishindo kisicho sawa, kama mtu anayechechemea, na blanketi lililotoka lilikuwa na mstari mlegevu. Mzee hakuyatazama maandishi. Aliingiza mkono chini ya ubao, mahali ambapo mimi nisingethubutu kuweka kidole, akabana kitu, na mashine ikasimama. Msichana aliyekuwa akiiendesha akarudi nyuma. Msimamizi akaja mbio. Na Bi Mkubwa, aliyekuwa mlangoni ameziba pua kwa mtandio, akaniangalia tu. Mgeni hawezi kujua mahali pa kubana.

Bosi wa karakana alikuwa mwanamume mchangamfu, asiye na wasiwasi hata kidogo. Alipoulizwa kupitia kwa laobanniang juu ya lebo, hakuona cha kuficha. Akatupeleka kwenye rafu na kushusha kasha la mbao. Ndani yake mlikuwa na mizingo ya lebo zilizofumwa, kondoo na daraja, mji na jina lake, zimeanza kuwa njano pembeni. Alisema kwa fahari kwamba hazikutengenezwa China, ni za asili. Zilikuja ndani ya kreti za mashine, pamoja na spea, na yeye alinunua kila kilichokuwa ndani ya kreti. Mashine ya Uingereza, lebo ya Uingereza, akasema, basi na blanketi ni la Uingereza.

Mzee alichukua mzingo mmoja, akaushika kwa muda mrefu, akaurudisha polepole kama yai.

Tulipotoka nje uwanjani, Bi Mkubwa aliacha kabisa kujifanya hajui Kiingereza. Alimsogelea.

"Wewe ndiye uliyeziuza mashine," akamwambia.

Mzee akasema ndiyo.

Alituambia akiwa amesimama, mgongo kwenye gari. Alikuwa meneja wa mwisho wa kile kiwanda. Aliingia pale kijana, akaanza kwa kufagia manyoya chini ya mashine hizohizo, akapanda. Wenye kiwanda walikuwa watu wa mbali ambao hawakuujua mji, na walipoamua kufunga wakamwachia yeye kazi ya kuondoa vyuma. Akaja wakala, akasema anavinunua kama vyuma chakavu vikayeyushwe. Mzee hakumuuliza sana. Hata wakati ule, alisema, alishuku kidogo, maana mtu wa chuma chakavu hafungi mashine kwenye kreti kwa majani makavu. Lakini alikuwa amechoka, na alitaka jengo liwe tupu kabla hajabadili mawazo. Zile lebo zilikuwa kabatini, hakuna aliyezitaka, naye hakuwa na moyo wa kuzitupa jalalani. Akaziweka mwenyewe ndani ya kreti moja.

Mablanketi yalipotokea sokoni Alhamisi moja, mji ukasema meneja ameuza jina lao. Hakuna aliyemwambia usoni. Hapo ndipo alipotueleza upande wa mji wake ambao hakuutaja siku ya mvua. Alisema watu wa kule hawagombani. Wanakusalimu, wanasema habari za hali ya hewa, kisha wananyamaza. Wewe unabaki na hali ya hewa. Muuza nyama anakuhudumia baada ya aliyekuja nyuma yako. Kwenye baa waliosimama pembeni yako wanagundua kwamba wana kazi nyumbani. Mapazia ya dirishani yanacheza unapopita. Na mtu aliyehamia pale miaka arobaini nyuma bado anaitwa mgeni, sembuse aliyeharibu. Yeye alizaliwa palepale, na walikuwa wamemfanya mgeni kwa mwaka mmoja. Alikuja Guangzhou akiwa na tumaini moja, akute kwamba lebo zimeghushiwa na watu asiowajua, arudi na ushahidi. Sasa ameukuta mkono wake mwenyewe.

Nilimhurumia. Bi Mkubwa aliniambia kwa Kiswahili nisifanye haraka, bado kuna kitu.

Bosi wa karakana alitoka akiwa na habari yake. Alikuwa ameelewa kwamba mzee huyu si mnunuzi, na hakuona ubaya. Alichotaka kujua ni kama anaweza kuiponya ile mashine inayochechemea, kwani tangu ifike hakuna fundi aliyeiweza. Mzee akavua koti, akalikabidhi kwangu, akaingia ndani.

Tulimsubiri mchana kucha. Laobanniang alituletea machungwa. Kila mara nilipochungulia nilimwona amelala chali chini ya chuma, miguu inatoka, msimamizi amechuchumaa akimpa vifaa kabla hajaviomba. Mashine ilipowashwa tena ilitoa mlio sawa na wenzake, na wasichana wakapiga makofi. Mzee alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Bosi akamtaka akae, awafundishe. Mzee akasema atakaa kwa sharti moja, lebo zichomwe. Bosi akakubali upesi sana. Upesi ule haukunipendeza, wala Bi Mkubwa haukumpendeza, lakini tulikuwa na makontena ya kufunga, tukarudi zetu nyumbani.

Safari iliyofuata tulimkuta bado yupo. Alikuwa na chumba juu ya karakana, na birika lake la chai. Mablanketi niliyochukua yalikuwa mazuri kuliko ya mwanzo, mazito, upindo haufumuki, na wateja wangu wa Njombe waliyajua kwa mkono tu. Nilimuuliza habari za lebo. Akasema zilichomwa mbele ya macho yake. Bi Mkubwa akaomba kuyaona marobota yaliyokuwa yakienda Ulaya, akajibiwa kwamba yameshafungwa. Alizunguka robota moja kama mtu anayenunua ng'ombe, akaingiza kidole kwenye mshono kutafuta lebo, akakitoa bila kupata kitu. Usoni mwake nilisoma kwamba hakuridhika.

Katika safari hiyohiyo mzee alitusimulia kwamba alikuwa amekwenda kwao katikati ya msimu. Alifika Jumatano, na Alhamisi asubuhi akaenda sokoni. Alisimama mbele ya meza ya yule muuza mablanketi, watu wakiwa wengi, akasema kwa sauti ya kusikika kila kitu: mashine ziko wapi, lebo zilitoka wapi, nani aliyezitia kwenye kreti. Alitegemea kelele, au angalau swali.

"Yule muuzaji akaniambia alikuwa anajua," alisema. "Mwanamke aliyekuwa akinunua akasema naye alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, tangu blanketi la kwanza. Ni rahisi kwa bei, na jina ni lao. Walihitaji tu pawe na mtu aliyekosea."

Kisha yule mwanamke akamwambia kwamba mvua huenda ikanyesha mchana, akalipa, akaondoka na blanketi lake. Mzee alikaa kwake siku mbili tatu, akafunga nyumba, akarudi Guangzhou.

Nilimtafsiria Bi Mkubwa ingawa hakuhitaji. Alikaa akimtazama mzee, macho yake yamepunguza ule ukali kwa mara ya kwanza tangu siku ya kantini.

"Hilo ndilo neno lake la kwanza ninaloliamini lote," akasema, akajimiminia chai kutoka birika la mzee bila kukaribishwa.

Tangu hapo kila safari alikuwa akimchukulia karafuu na mdalasini kidogo kwa ajili ya chai, na mzee akajifunza kusema shikamoo, akimwamkia kila mtu hata watoto wa laobanniang. Lakini kwenye mambo ya mali Bi Mkubwa aliendelea kuhesabu mablanketi yangu yeye mwenyewe, moja moja, na kukagua kila pembe, huku mzee akiwa amesimama pale pale akimtazama. Hakuchukia. Alisema kwa tabia hiyo Bi Mkubwa angepata meza nzuri kwenye soko lao la Alhamisi, na ingemchukua miaka arobaini tu kuzoeleka.

Mara ya mwisho kumwona, bosi alikuwa ameleta mashine mpya, nyepesi, zenye taa ndogo, na zile za kijani zilikuwa zimesogezwa uwanjani chini ya turubai. Nilikwenda na laobanniang kufunga oda. Mzee alikuwa kituo cha basi nje ya lango, na mfuko wa mboga mkononi, akibishana na muuza mboga kwa Kichina kibovu mno. Yule mwanamke alimnyang'anya fungu moja, akamwekea jingine, naye akalinusa na kulirudisha. Nilimpungia mkono kupitia dirisha la gari. Sina hakika kama aliniona. Alikuwa ameinama, akigeuza majani kutazama upande wa nyuma.